Sifuri nayo iandikwe

Nikimwambia mtu leo usiku natega nondo, la kwanza linalomjia kichwani ni vyuma vya ujenzi. Nikisema hapana, yule mdudu, anakumbuka sweta lake lililotobolewa kabatini na sura inabadilika kabisa, mtu mzima na akili zake akamtafute mdudu wa hivyo kwa ajili gani? Halafu kuna wanaosema aah, wale vipepeo wa usiku, na hao ndo nakaa nao vizuri manake angalau tumeanzia sehemu moja. Huu ni mwaka wa tano nawasha taa bustanini kwangu, siku hizi mara moja kwa wiki, asubuhi nahesabu waliolala kwenye mtego, naandika, nawaachia waende. Nimeulizwa maswali yale yale mara nyingi mpaka nimeona bora niandike yote, likiwemo kosa moja la mwaka wa kwanza ambalo mpaka leo linaniuma.

Tuanze na hilo la nguo. Sayansi imeshazipa majina spishi kama 160,000 za nondo duniani na kila mwaka zinaongezeka. Wanaogusa nguo ni wachache sana, na hata hao anayetafuna sio yule anayeruka, ni kiwavi wake. Vipepeo, hawa tunaowasifia mchana, ni kama 18,000 tu, na kiukoo kipepeo mwenyewe ni tawi moja tu la nondo lililohamia kwenye jua. Kwa hiyo kwa kila aina ya kipepeo uliyowahi kuiona ikizunguka maua yako kuna aina nane tisa za ndugu zake, na wengi wao wanapita hapo hapo wewe umelala. Mi hilo ndo lilinivuta. Nilikuwa najua kila mmea wa bustani yangu, nimeupanda lini, umewahi kuugua nini, afu kumbe wengi wa wanaoitumia hiyo bustani sijawahi hata kuwaona.

Mtego usikutishe kwa jina, hauui. Ni ndoo pana, juu nimeweka faneli, juu ya faneli taa, na ndani ya ndoo nimepanga trei za mayai zile za karatasi ngumu. Nondo anakuja kwenye taa, anazunguka, anagonga vipande vya plastiki angavu nilivyovisimamisha kandokando ya taa, anateleza kwenye faneli mpaka chini. Huko anakuta vile vishimo vya trei, giza, kivuli, pametulia, anajibana anafunga mabawa analala. Tundu la kutokea ni lile lile aliloingilia ila wengi hawalioni. Kuna mitego ya wakongwe, ule wa akina Robinson wa mwaka 1950 wenye taa ya zebaki ya wati 125, ule wa John Heath wa 1965 wa kubebeka unaotumia betri ya volti 12, na ule wa Skinner ambao ni boksi lenye vioo viwili vilivyolala kuelekeana na mwanya katikati. Zebaki inavuta wadudu wengi kupita maelezo lakini glopu yake inapata moto mkali, tone moja la mvua likiigusa inaweza kupasuka, na zebaki yenyewe ni sumu, kwa hiyo siku hizi wengi tumehamia kwenye LED za UV (urujuanimno) zinazotumia betri ya kuchaji. Mwanga wake ukiutazama ni zambarau hafifu, kwa macho yetu unaona kama hamna kitu, ila usiukodolee macho, mionzi ya UV inaumiza na wewe huhisi.

Sasa kwa nini wanakuja? Hapa nilikuwa nimekariri jibu la zamani kwamba nondo anafuata mwezi na taa inamchanganya anadhani ni mwezi. Mwaka 2024 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya kwa kamera za kasi kubwa, wakapiga wadudu wakizunguka taa usiku, na walichokiona ni kwamba mdudu hakimbilii taa kabisa, anaipa mgongo. Fikiria, kwa mamilioni ya miaka usiku juu ndo kwenye mwanga na chini ndo kwenye giza, kwa hiyo mdudu anayeruka akielekeza mgongo kwenye mwanga amekaa sawa, hajapinduka. Ukimwekea taa pembeni, mgongo unaelekea pembeni, anainama, anaanza kuzunguka bila kupenda. Akipita juu ya taa ndo balaa, anajipindua tumbo juu ili mgongo ukae kwenye mwanga, anaanguka.

Niliposoma hiyo nilitoka nje usiku ule ule nikakaa kwenye kigoda mita mbili kutoka kwenye ndoo. Nikamuona mmoja wa kijivu, mnene kama ncha ya kidole gumba, akaja juu juu kutoka upande wa ukuta, alipofika juu ya taa tu akageuka chali hewani, mabawa yakapoteza mpangilio, akadondoka kama kokoto. Puu. Akajikusanya, akaruka tena, akageuka tena. Hicho kitu nilikuwa nimekiona labda mara mia mbili kwa miaka miwili na kila mara nilikuwa nasema amegonga taa. Hakugonga. Alikuwa anajitahidi kukaa wima kwenye dunia ambayo mi nimeigeuza kwa kuwasha taa.

Hiyo ilibadilisha namna ninavyosoma namba zangu mwenyewe. Kama taa haiwaiti kutoka mbali bali inawanasa wanaopita karibu, basi waliopo kwenye ndoo sio idadi ya nondo wa bustani, ni idadi ya waliopita jirani na taa ile, usiku ule, hali ya hewa ile, wakakwama. Namba moja peke yake haisemi kitu. Inaanza kusema ukiiweka pembeni ya namba nyingine iliyopatikana vilevile, yaani taa ile ile, mahali pale pale, masaa yale yale. Ukihamisha ndoo kutoka chini ya mti ukaipeleka kwenye majani wazi umeanza daftari jipya hata kama karatasi ni ile ile. Mi ndoo yangu ina jiwe bapa lake na haijatoka pale tangu mwaka wa pili.

Na hapa ndo nifike kwenye kosa.

Nondo wa kwanza aliyenikamata moyo ni Agrius convolvuli. Huyu anapatikana Afrika, Ulaya, Asia mpaka Australia, kwa hiyo huenda na wewe unaye. Mabawa yakitandazwa yanafika sentimita 8 mpaka 12, juu ni kijivu cha gome la mti kabisa, lakini ukimsogeza kidogo anafunua tumbo na pembeni kuna mistari ya waridi na nyeusi imepangika kama ya kuchorwa kwa rula. Ana ulimi mrefu kuliko mwili wake wote, anaukunja kama saa ya zamani inavyokunja spring. Nilimtoa kwenye trei nikamweka kwenye kidole. Hakuruka. Akaanza kutetemeka, mabawa yanatikisika kidogo kidogo kwa kasi, nikadhani anakufa, nikaingiwa na huruma kweli. Kumbe anapasha injini. Misuli ya kurukia haifanyi kazi ikiwa ya baridi, kwa hiyo anaitetemesha mpaka ipate joto, mi nilihisi ule mtetemo mpaka kwenye mfupa wa kidole kama simu imeita kwenye mtetemo, dakika moja, mbili, halafu hapo hapo bila kuaga akanyanyuka wima akapotea juu ya paa.

Baada ya hapo ungenizuia na nini? Mwaka mzima nikawa natoka alfajiri kama mtoto anayekwenda kufungua zawadi. Na daftari langu la mwaka ule linaonyesha hivyo hivyo. Limejaa wakubwa, wa rangi, wageni. Nimeandika aya nzima kuhusu mmoja wa kijani aliyelala kama jani lililodondoka. Nimechora. Nimebandika picha. Halafu chini ya kila ukurasa kuna mstari mmoja umejirudia: "na wengine wadogo wa kahawia, wengi." Na zile asubuhi ambazo ndani ya ndoo hamna kitu sikuandika chochote, manake niandike nini wakati hamna kitu?

Kati ya hao wadogo alikuwepo mmoja ambaye karibu kila aliyetega nchi za joto anamjua, Spoladea recurvalis. Ni mdogo, mabawa sentimita mbili na kidogo, rangi ya kahawia iliyokoza, na mstari mweupe unaokatiza mabawa yote kama mkanda. Kwa karibu ni mzuri sana, sijui kwa nini ilinichukua muda kumuona. Anakaa ametandaza mabawa, bapa, pembe tatu safi kabisa. Kiwavi wake anakula mimea ya jamii ya mchicha, ya kupandwa na ya porini. Alikuwa kila mahali. Kwenye trei, kwenye ukuta, kwenye shuka nililotundika, mpaka kwenye nywele zangu. Nikawa namruka kwa macho kama unavyoruka kokoto njiani.

Mwaka wa tatu nyuma ya bustani yangu kukawa na mabadiliko. Kulikuwa na uzio wa miti iliyojisokota, ya miaka mingi, chini yake magugu na mchicha pori. Ukang'olewa wote ndani ya siku mbili ukajengwa ukuta, na juu ya ukuta zikafungwa taa nyeupe kali zinazowaka mpaka asubuhi. Siwalaumu waliojenga, eneo ni lao. Lakini wiki zile zilizofuata ndoo yangu ikawa nyepesi. Nikafungua daftari la mwaka wa kwanza nione wamepungua kiasi gani, hasa huyu wa mkanda mweupe manake mimea yake ndo ilikuwa pale chini ya uzio, na nilichokikuta ni neno "wengi."

Wengi ni wangapi? Kumi na mbili? Mia mbili? Nilikaa na lile daftari mezani nikajaribu kukumbuka, nikafumba macho nivute picha ya trei ya mwaka wa kwanza, na picha iliyokuja ni ya yule mkubwa wa mistari ya waridi. Nilikuwa nimeishi nao mwaka mzima kwenye bustani moja na sikuwa na hata namba moja ya kuonyesha kwamba walikuwepo.

Mwaka wa pili nilikuwa nimeanza kuhesabu ila bila sifuri, na hilo nalo likanitega kivyake. Ngoja nikuonyeshe. Chukua usiku saba wa kutega. Usiku mmoja wamekuja 40, mwingine 30, tano zilizobaki hamna hata mmoja na hukuandika kitu. Ukija baadaye ukipiga wastani daftari linakwambia 35 kwa usiku. Ukweli ni 70 gawanya kwa 7, yaani 10. Daftari lako limedanganya mara tatu na nusu, na wala hakuna namba ya uongo uliyoiandika, uongo wote uko kwenye zile kurasa ambazo hukuandika. Tangu siku hiyo asubuhi yenye ndoo tupu naiandika kama ilivyo: tarehe, hali ya hewa, sifuri. Na sio mstari uliopigwa wala nafasi iliyoachwa, ni tarakimu yenyewe 0, manake nafasi iliyoachwa mwakani hutajua kama hawakuja au we ndo hukutega.

Kuna mahali walijua hili zamani. Kituo cha utafiti cha Rothamsted kule Uingereza walianza kuwasha mtego wa taa mwaka 1933, na tangu 1968 wana mtandao wa mitego ya aina moja nchi nzima, mingi inaangaliwa na watu wa kujitolea, glopu ya kawaida ya wati 200, kila usiku wa mwaka, iwe joto iwe baridi. Glopu hiyo haivuti wengi kama zebaki, lakini hawajabadilisha, na huko kutobadilisha ndo mali yenyewe. Kwa namba hizo ikajulikana kwamba nondo wakubwa wa Uingereza walipungua kwa asilimia 33 kati ya 1968 na 2017. Theluthi, ndani ya miaka 50. Hamna mtu ambaye angeiona kwa macho. Ukiishi nayo unazoea, kila mwaka unafanana na uliopita. Na hesabu hiyo haikutokana na wale adimu wanaopigwa picha, imetokana na wa kawaida, wale ambao mtu mmoja mahali fulani asubuhi ya baridi aliandika 6 wakati angeweza kuandika wachache.

Na usiseme bustani ya nyumbani ni kitu kidogo. Ile hadithi maarufu ya nondo Biston betularia, aliyekuwa mweupe mwenye madoa, mwaka 1848 mweusi akaonekana Manchester, na kufika 1895 asilimia 98 ya waliokuwa wakipatikana huko wakawa weusi kwa sababu moshi wa viwanda umeua likeni, yale mabaka meupe yanayoota kwenye magome, na kuyapaka magome masizi, na ndege wakawa wanamla aliye mweupe kwanza. Majaribio ya miaka ya 1950 ya Bernard Kettlewell, yaliyoonyesha hilo la ndege, yalikuja kupingwa, kati ya mambo yaliyolalamikiwa ni kuwaweka nondo kwenye mashina mahali ambapo wenyewe kwa kawaida hawalali. Mwanabiolojia mwingine, Michael Majerus, akaamua kurudia upya, na alirudia wapi? Kwenye bustani yake, Cambridge. Kwa miaka sita, mpaka 2007, aliachia nondo 4,864, akawaacha wachague wenyewe pa kulala kwenye miti, kukipambazuka anakaa na darubini anaangalia ndege gani anakula nani. Safari hii hewa ilikuwa imeshasafishika na weusi ndo walioliwa zaidi. Alifariki 2009 kabla hajachapisha, wenzake wakakamilisha wakachapisha 2012. Miaka sita mtu kaangalia miti ya nyumbani kwake. Mi nikikosa usingizi namfikiria yeye dirishani.

Sasa kuhusu majina. Lugha yetu imempa kila samaki jina lake, kila ndege, kila chombo cha baharini na kamba zake, lakini nondo wote ni nondo. Kwa hiyo nimejikuta natunga. Herufi T ni yule mwembamba anayekunja mabawa yakawa kama vijiti viwili pembeni ya mwili. Kijiti ni yule ukimuona utaapa ni kipande cha tawi kilichovunjika, hadi ile sehemu ya ndani ya mti ya rangi ya krimu anayo kichwani. Majivu, Jani Kavu, Dirisha. Mtoto wa jirani anakuja Ijumaa asubuhi kabla ya shule kunisaidia kuhesabu na yeye ana majina yake, mmoja kamwita Bibi Kajifunika na sasa mimi pia siwezi kumwita jina lingine. Majina haya sio mchezo tu. Ukimpa jina unaanza kumtofautisha, na ukimtofautisha unaweza kumhesabu. Ila pembeni naandika jina la kisayansi nikilijua, ili daftari langu lieleweke na mtu ambaye hajawahi kukutana na Bibi Kajifunika.

Kulijua ndo shughuli. Unaangalia anakunjaje mabawa, yamekaa kama paa la nyumba au yametandazwa au yamesimama. Unaangalia bawa la mbele, wengi wana doa la duara na jingine lenye umbo la figo, na mistari miwili mitatu inayokatiza, na mara nyingi tofauti ya spishi mbili ni kwamba mstari mmoja umepinda mahali ambapo mwingine umenyooka. Unaangalia vipapasio, vya dume kwa wengine ni kama unyoya au kitana, manake ananusa jike kutoka mbali sana. Napiga picha kila nisiyemjua, kutoka juu, na rula pembeni. Programu za simu zinasaidia ila usimeze kila zinachokwambia. Mimi nilikubali jina moja nililoletewa na simu bila kuangalia spishi hiyo inaishi wapi, nikaliandika mara 14, mpaka mtu anayewajua akaniambia kwa upole huyo anaishi bara lingine kabisa. Nilikata yote 14 kwa mstari mmoja unaosomeka na juu nikaandika nilichokuwa na uhakika nacho, jenasi tu, yaani kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu. Kuna spishi hata bingwa hawezi kuzitenganisha mpaka apasue aangalie viungo vya uzazi kwa hadubini. Mimi sipasui. Naandika jenasi, naishia hapo, na idadi bado inabaki na thamani yake.

Kitu ambacho watu hawaulizi na mimi natamani wangeuliza ni je, nondo mwenyewe anapata hasara gani. Anapata. Usiku aliolala kwenye ndoo yangu ni usiku ambao hakula, hakupata mwenza, hakutaga. Kwa mwenye wiki tatu za kuishi sio mbaya sana. Lakini wale wakubwa wa familia ya Saturniidae, wenye macho yaliyochorwa kwenye mabawa, wakishatoka kwenye kifukofuko hawana mdomo unaoweza kula. Wanaishi kwa mafuta waliyoyaweka walipokuwa viwavi, karibu wiki moja, basi. Jike mmoja alikaa kwenye ndoo yangu usiku kucha, asubuhi nikamkuta ametaga mayai kwenye trei ya karatasi, mayai mviringo yamepangwa kwa safu nzuri kabisa mahali ambapo hakuna jani la kulisha hata moja. Nilikata kile kipande cha trei nikakifunga kwenye tawi lakini sikujua mti wake, nilikuwa nakisia. Hiyo siku sikwenda popote.

Tangu hapo natega mara moja tu kwa wiki, kila Alhamisi, sio kila siku manake utawanasa wale wale tena na tena. Saa nne usiku kabla ya kulala napita na tochi, mkubwa wa aina hiyo akiwepo namwandika na kumtoa hapo hapo, nampeleka upande wa giza. Asubuhi natoka kabla jua halijagusa ndoo, manake likigusa wanaamka, na pia kwa sababu ya ndege. Kuna ndege mmoja mdogo alijua ratiba yangu ndani ya wiki tatu, alikuwa ananisubiri juu ya kigoda. Sasa nikishahesabu nawaachia ndani kabisa ya kichaka, kila wiki upande tofauti, mmoja mmoja, natikisa trei taratibu sitaki waruke, nataka watembee wajifiche.

Hali ya hewa inaamua zaidi ya kitu kingine chochote. Usiku wa joto, mawingu, unyevu, hamna upepo, hapo andaa muda, nimewahi kumaliza kuhesabu saa tatu asubuhi. Mwezi mpevu na anga safi, wachache, taa yako inashindana na taa kubwa kuliko yako. Upepo, wachache. Baridi, karibu hamna. Kwa hiyo kwenye daftari kabla ya nondo hata mmoja kuna safu za joto la chini la usiku, mawingu, upepo, mwezi, saa ya kuwasha. Bila hizo utalia wamepungua kumbe ulitega usiku wa mwezi mpevu.

Na mwaka wa nne nikaongeza safu moja zaidi. Jirani wa kulia, mama mmoja mtu mzima, alikuja siku moja kwenye ua akaniuliza, "Jirani, samahani, hivi hiyo taa yako ya zambarau ni ya nini? Naiona kila wiki, nikasema labda mnaumwa." Nikamkaribisha kesho yake asubuhi. Alikuja na khanga begani, akainama kwenye ndoo, akanyamaza muda mrefu. Nikamwekea kwenye kidole mmoja wa Agrius. Alipoanza kutetemeka mama akasema polepole, "Huyu mbona anasikia baridi," na akamfunika kwa kiganja cha mkono mwingine mpaka alipokuwa tayari kuondoka. Wiki iliyofuata saa mbili usiku taa yake ya nyuma ikazimika. Nikadhani umeme. Akapaza sauti kutoka ng'ambo ya ua, "Si leo ndo Alhamisi ya wadudu wako? Nimezima."

Nilifurahi mno, na papo hapo nikajua namba za usiku ule hazilingani tena na za nyuma, manake giza limeongezeka upande mmoja. Kwa hiyo safu mpya inaitwa "taa ya mama" na ndani yake naandika imezimwa au inawaka, manake siku akisafiri inawaka. Taa za ukuta wa nyuma nazo zina safu yake ila yenyewe ni neno moja miaka miwili sasa.

Huyu wa mkanda mweupe sijaacha kumhesabu. Mwaka wa pili, kwa zile siku nilizoandika, usiku mzuri alikuwa anafika 60. Mwaka jana usiku wake bora walikuwa 17. Siwezi kusema ni uzio, siwezi kusema ni taa, ni aina inayohama hama na mwaka mmoja unaweza kuwa mzuri na mwingine mbaya bila mtu kugusa kitu, na mwaka wa kwanza ambao ungenisaidia sina. Nimeacha magugu ya jamii ya mchicha yaote kwenye kona ya nyuma, siyang'oi. Viwavi nimeshawaona, wa kijani, wamekunja jani kwa uzi wamejificha ndani, nimehesabu majani yaliyokunjwa 9.

Jana ilikuwa Alhamisi. Joto la chini nyuzi 14, anga safi, mwezi siku moja kabla ya kupevuka, upepo kutoka upande wa ukuta. Taa ya mama imezimwa. Niliwasha saa moja na dakika ishirini. Asubuhi nimeinua trei moja moja, zote sita, nikageuza na nyuma, nikaangalia chini ya ndoo na kwenye ukuta kuzunguka. Herufi T 1. Majivu 2. Spoladea recurvalis 0.